Wanaolipwa kwa Kukaa

Jumapili, 24 Mei 2020

Daktari wa presha kasema niandike. "Marlene," kaniambia kwenye simu, "hasira ukiimeza kila siku, moyo utakuja kukudai." Nikamjibu moyo wangu upange foleni, wanaonidai ni wengi. Hakucheka. Basi nimenunua daftari na kalamu, na hasira yenyewe ni hii.

Mimi ni mpishi kwa Manny Kaloudis, mgahawa wa kona ya barabara ya mtoni, tangu nilipokuwa msichana mwenye kiuno. Korona ilipofunga kila kitu mwezi Machi, Manny aliwarudisha wahudumu wote nyumbani, akabakiza jiko na dirisha la kuuzia chakula cha kubeba. Jiko ni mimi. Wenzangu waliondoka wakilia, nami nikamshukuru Mungu kwamba nina kazi. Nilishukuru mapema mno. Haukupita muda serikali ikatangaza kwamba waliokosa kazi watapata mafao yao ya kawaida, na juu yake dola mia sita kila wiki. Loretta Vukovich, mhudumu mwenzangu, rafiki yangu tangu darasa la pili, anakaa kwenye baraza lake akipokea karibu mara mbili ya ninachopata mimi kwa kusimama mbele ya moto.

Nimeandika. Presha haijashuka.

Jumanne, 26 Mei

Joto. Watu wameruhusiwa kula ndani tena. Meza sita tu, na wote wanataka ile ya dirishani.

Ijumaa, 29 Mei

Siku ya samaki. Katika mji huu hata wasiokanyaga kanisani hula samaki Ijumaa, na mafuta yake hunifuata hadi kitandani. Baada ya kazi nilipita kwa Loretta. Amenunua mashine ya kupoza hewa, ameiweka kwenye chumba cha mama yake. Bi Zora anakaa nyuma ya kioo kama mkate wa dukani. Yule mama alisugua vikombe kiwandani miaka thelathini, kiwanda kilekile cha vyombo vya udongo kilichowalisha baba zetu wote, na vumbi la udongo likabaki mapafuni mwake. Sasa anapumua kwa mashine ya oksijeni, mrija puani mchana na usiku. Tangu Machi hajatoka nje, wala Loretta hajamruhusu mtu kuingia.

Nilikaa barazani, mbali, kama tunavyotakiwa. Bi Zora akafungua dirisha upana wa kiganja.

"Marlene, ni wewe? Nimekunusa tangu ulipokuwa kwa jirani. Bado unaoga kwa mafuta ya samaki?"

"Ndiyo marashi yangu, Bi Zora."

"Basi mume utampata wa majini, mwanangu."

Akacheka mpaka akakohoa, na Loretta akakimbia kufunga dirisha. Alirudi amebeba chai ya barafu, akaiweka ukingoni mwa baraza, akasogea nyuma nami nikaenda kuichukua, kama wezi wanaobadilishana mali. Mikono yake imepona. Ile mipasuko ya sabuni aliyokuwa nayo miaka yote imekwisha.

"Unajua, Marlene," akasema, "sikujua kwamba nilikuwa nimechoka. Nilidhani ndivyo mtu anavyokuwa."

Nikamwambia chai yake ni tamu. Njiani nilipiga usukani kwa kiganja hadi mkono ukauma. Hela zingenipita ningevumilia, nimeshazoea kupitwa na hela. Kilichonichoma ni kwamba rafiki yangu amelala usingizi wa kutosha, na inaonekana usoni.

Jumatano, 3 Juni

Mvua ya radi. Umeme ulikatika tukapika kwa tochi.

Jumapili, 7 Juni

Loretta anapaka baraza lake rangi ya njano. Amevaa kaptula. Kaptula, katika umri wetu. Amepanda na nyanya.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini mwenye njaa anamjua sana mwenye shibe, hata rangi ya kaptula yake anaikumbuka.

Jumanne, 9 Juni

Mteja mmoja kakataa kuvaa barakoa, kasema yeye ni mtu huru. Kaacha bahashishi ya mtu huru pia, yaani hakuacha kitu.

Ijumaa, 12 Juni

Leo nitaandika kirefu.

Manny alikuja jikoni baada ya zamu ya mchana, akakaa juu ya gunia la viazi. "Nahitaji mhudumu mmoja arudi. Crystal ananipigia kila siku. Anataka kurudi jana."

Crystal Dobbs tulimwajiri mwaka jana mwishoni mwishoni. Mafao yake yamekwama mahali fulani kwenye mitambo ya serikali ya jimbo, hajaona hata senti, na mumewe dereva wa malori hana safari. Yule kazi anaitaka kwa machozi. Lilikuwa jambo jepesi. Ningesema tu, "Mchukue Crystal," nikaendelea kumenya viazi.

Badala yake nikasema, "Crystal kaja hapa lini? Hata bata mzinga wa sikukuu alikuta mifupa."

"Lakini anataka."

"Manny, kiwandani watu walikuwa wanarudishwa vipi?"

Katika mji huu hilo swali halina majibu mawili. Matanuri yalipozimwa, wafanyakazi walikwenda nyumbani. Yalipowashwa tena, aliyekuwa na miaka mingi ndiye aliyeitwa kwanza. Baba zetu waligoma majira yote ya baridi, tukala kabichi na viazi mpaka Pasaka, ili meneja asiweze kumrudisha shemeji yake akamwacha mzee nje. Kanuni hiyo hapa haipingwi. Kuipinga ni kama kutukana kaburi.

"Loretta ana miaka kumi na tisa hapa kazini," nikasema. "Anakuja baada yangu. Ukimruka, watu watasema mtoto wa Kaloudis hana haki."

"Na mama yake je? Si yuko kwenye mashine?"

"Kila mtu ana mama."

Wangu yuko makaburini tangu zamani, na Manny anajua, lakini aliitikia kwa kichwa.

"Na akikataa?"

"Akikataa, si umetakiwa umtaje kwa serikali? Utamtaja. Wamkatie."

Akakuna magoti, akasema nasema kweli. Nimerudi nyumbani, nimekula mahindi mawili nimesimama sinkini. Kanuni ni kanuni. Sikuitunga mimi.

Jumapili, 14 Juni

Loretta alikuja hadi kwangu. Alisimama kwenye majani, barakoa usoni, nami nikakaa ngazini.

"Manny kanipigia. Eti zamu yangu, kwa hesabu ya miaka."

"Nimesikia."

"Marlene, mimi nikiingia mle ndani na wale watu wanaokula midomo wazi, nikarudi kwa mama, nitamuua. Daktari kaniambia hivyohivyo, hakuzunguka. Kasema hata mafua yanatosha."

"Basi kataa."

"Nikikataa wananikatia zote, hata zile za kawaida. Nyumba nitailipia nini, nyanya?" Akakaa kwenye majani palepale. "Crystal anataka kazi. Mimi sitaki. Mtu akitupanga vizuri kila mmoja anakula. Shoga, wewe Manny anakusikiliza. Ongea naye."

"Nitaongea naye."

"Uniapie."

"Loretta, tumejuana leo?"

Akacheka, akafuta macho kwa mkono wa fulana. Akasema akishindwa kila kitu, Mungu kampa mimi.

Jumatatu, 15 Juni

Nilimkaangia Manny mayai matatu na jibini, nikamwuliza kuhusu goti lake. Goti linaendelea vizuri.

Loretta alipiga simu jioni. Nikamwambia nimeongea, nimebembeleza, jamaa kakaza. Akasema ahsante kwa kujaribu.

Alhamisi, 18 Juni

Loretta amerudi kazini. Asubuhi nilimpitia na gari langu, maana lake halina breki. Bi Zora alikuwa dirishani. Alinyanyua mkono, nami nikanyanyua wangu.

Alipoingia jikoni akavaa aproni yake ya zamani. Nilisikia kitu kinashuka kifuani mwangu, kama mtu aliyetua ndoo. Mchana alibeba sahani nne kwa mkono mmoja. Zile sahani zetu nzito za kiwandani, hamna mwingine anayeweza. Kufikia saa kumi uso wake ulikuwa umesharudi kuwa ule ninaoujua.

Leo nitalala vizuri. Nalikiri hilo hapa, kwa sababu daktari anataka ukweli.

Jumapili, 21 Juni

Kabla ya kuingia kwake Loretta anavua nguo zote gereji, anaoga kwa mpira wa maji, anavaa gauni safi. Majirani wameshamwona matako. Anavaa barakoa hata akimlisha mama yake, na analala jikoni kwenye godoro.

Alhamisi, 25 Juni

Joto la kuzimu. Viazi vimeoza nusu gunia.

Jumanne, 30 Juni

Meza ya watu wanane, harusi iliyoahirishwa, wanasherehekea hivyohivyo. Bibi harusi kaingia jikoni kunikumbatia kwa ajili ya pierogi zangu, zile kama sambusa za kuchemsha, za viazi na jibini. Kaniimbia sikioni. Alikuwa na mafua.

Ijumaa, 3 Julai

Kichwa kinauma, mgongo pia. Uzee na joto. Samaki mia na kitu.

Vitunguu vya wiki hii havina ukali. Nimemenya kapu zima bila chozi. Yule muuzaji anatuibia.

Jumamosi, 4 Julai

Fataki za mji zimefutwa, kwa hiyo kila mlevi analipua zake. Kwenye gari Loretta alikuwa na furaha kidogo: wiki mbili na zaidi kazini, mama yake mzima. Alivuta barakoa chini akala soseji niliyombebea. Tulikula wote wawili madirisha tumeyafunga, maana nje moshi wa baruti ulikuwa umetanda. Yeye alisema unanuka vibaya.

Mimi sikuunusa.

Jumatatu, 6 Julai

Leo siagi iliungua kwenye kikaango, moshi mweusi, mimi nimesimama hapohapo nageuza mayai ya mtu. Manny kaja mbio. "Marlene, unataka kunichomea mgahawa?" Loretta naye akaingia, akatazama kikaango, akanitazama.

"Hukusikia harufu?"

"Pua imeziba. Chavua za nyasi."

"Julai?"

"Nyasi zangu hazijui kalenda."

Akacheka, akarudi kwenye meza zake.

Jumatano, 8 Julai

Niandike yote.

Asubuhi nilifungua chupa ya dawa ya kufulia, ile inayotoboa pua, nikaipeleka usoni. Hamna. Siki, hamna. Kahawa, hamna. Nikaweka chumvi kwenye ulimi, ikawa mchanga. Sijaishi pangoni, televisheni imesema miezi yote hii maana ya pua ya namna hii.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikafikiri. Manny halipi siku ya ugonjwa, hajawahi. Lakini kodi yangu nimeshalipa, kabatini kuna maharage, wiki mbili ningepita. Sitajidanganya kwamba ni njaa.

Nilichofikiri ni hiki: nikisema, Manny atafunga. Akifunga, Loretta anarudi barazani na mia sita zake, kwenye rangi yake ya njano. Na safari hii nitakuwa nimempeleka mimi.

Nikavaa barakoa mbili. Nikampitia saa moja kama kawaida. Akasema mbona leo madirisha yote wazi, nikamwambia joto.

Ijumaa, 10 Julai

Samaki. Manny ndiye anayenionjea sosi. Nimemwambia nafunga sukari na chumvi kwa ajili ya presha.

Jumapili, 12 Julai

Loretta anakohoa.

Jumanne, 14 Julai

Loretta amepimwa, anayo. Bi Zora alibebwa jana na gari la wagonjwa. Walimtoa na kiti, mtungi wa oksijeni mapajani, na Loretta hakuruhusiwa kupanda. Alisimama barabarani na gauni.

Manny kafunga mgahawa. Alinipigia. "Unaona? Mtu anakaa barazani miezi mitatu na majirani, sijui na nani, halafu anatuletea. Mchuma janga hula na wa kwao."

Nikasema, "Ndiyo hivyo."

Ijumaa, 17 Julai

Watu wa afya walipiga simu. Nikasema sina dalili zozote, sijawahi. Wakanipima pia, kijiti hadi ubongoni. Jibu: sina. Imeshapita, imekwenda zake, imeniachia pua tupu. Kwa hiyo kwenye karatasi za serikali aliyeileta ni Loretta.

Kwa kuwa Manny amefunga, nimeomba mafao ya kukosa kazi. Ni haki yangu.

Jumatatu, 20 Julai

Hospitali haimwingizi mtu. Loretta amepona kikohozi, lakini amefungiwa ndani. Anaongea na mama yake kupitia simu ambayo muuguzi humshikia sikioni. Leo alinipigia mimi.

"Nimewaza kila kitu," akasema. "Nilioga kwenye gereji kila siku. Nilichemsha nguo. Wapi nilikosea, Marlene? Labda ni zile hela za bahashishi. Nilizihesabu halafu nikajikuna uso."

"Usijitese."

"Nimemuua mama yangu kwa vijisenti vya bahashishi."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

Alisubiri niseme kitu kingine. Nilisikia ile mashine ya kupoza hewa ikinguruma nyuma yake, katika chumba kisicho na mtu. Maneno yalikuwa mdomoni, mafupi tu, mtoto angeweza kuyasema. Nikamwuliza kama amekula.

Alhamisi, 23 Julai

Bi Zora amefariki alfajiri.

Jumamosi, 25 Julai

Ndiyo wiki ya mwisho ya zile mia sita. Serikali imeshindwa kukubaliana kuziongeza. Televisheni imewaleta mabwana wawili wenye tai wakabishana: mmoja anasema ziliwafanya watu wavivu, mwingine anasema ziliwaokoa. Wote wawili wana mashavu mazuri. Nilizima.

Jumanne, 28 Julai

Manny anafungua keshokutwa. Loretta ameomba mazishi yawe Ijumaa, na chakula cha baada ya maziko kiwe kwetu mgahawani. Hapa kwetu waliozika lazima walishwe, na walishwe chakula cha marehemu mwenyewe. Bi Zora alikuwa na supu moja: kabichi iliyochachushwa kwenye pipa la chumvi, mbavu za nguruwe za moshi, maharage. Alinifundisha mimi, si Loretta, kwa kuwa Loretta hajui hata kuchemsha maji.

"Upike wewe," Loretta akasema kwenye simu. "Angetaka wewe."

Ijumaa, 31 Julai

Tumezika. Tulikuwa kumi, ndiyo idadi iliyoruhusiwa, na padri wa kumi na moja. Jua kali, jeneza la mbao nyeupe. Loretta alikuwa amekonda mikono.

Lakini lazima niandike kuhusu supu.

Ile kabichi hakuna aliye na kipimo chake. Kila pipa lina chumvi yake, na mbavu nazo zina yake. Unaisuuza, unaonja, unaisuuza tena, unaonja, na sufuria huitii chumvi mpaka mwisho kabisa, tena kwa vidole viwili. Bi Zora alikuwa ananipiga mwiko kwenye kiganja nikitaka kutia bila kuonja. "Ulimi, mwanangu, ulimi. Mkono hauna akili."

Asubuhi, kabla ya maziko, Manny alikuwa kanisani. Jikoni nilikuwa peke yangu. Niliisuuza kwa macho, nikaikadiria. Nikatia na chumvi, kwa sababu mkono wangu umezoea kutia. Nilionja kijiko kizima na mdomoni mlikuwa na maji ya moto tu.

Nikawapakulia. Walikaa mbalimbali, wawili kila meza, Loretta peke yake kwenye ile ya dirishani. Nilisimama mlangoni pa jiko. Manny alipeleka kijiko cha kwanza, akakiteremsha polepole, akachukua maji. Shangazi mmoja wa Loretta akatemea kwenye kitambaa cha karatasi. Ni msiba, watu wana adabu. Wakaanza kula mkate.

Loretta alimeza. Akatazama bakuli. Akaniangalia, na nikaona anafikiri, taratibu, kama anavyojumlisha bili ya meza kubwa. Siagi. Chavua za mwezi wa Julai. Barakoa mbili na madirisha wazi.

Alinyanyuka akaja hadi nilipo.

"Onja," akasema, akininyooshea kijiko chake.

Nikaonja.

"Ikoje?"

Nilitafuta usoni mwake jibu sahihi. "Imekosa kidogo," nikasema. "Chumvi."

Hakupandisha sauti. "Tangu lini, Marlene?"

"Loretta, hapa si mahali."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya siku ya fataki."

Alitikisa kichwa, mara kadhaa, kama mtu aliyeambiwa saa. "Na wewe uliongea na Manny," akasema, "umwambie amchukue Crystal." Manny akageuka kwenye kiti chake. "Nani aniambie? Huyu ndiye aliyesema wewe ndiye wa kwanza, kwa kanuni ya kiwanda." Alisema kwa sauti ya kusifu, maskini. Alidhani ananitetea.

Loretta alirudi mezani kwake. Akala ile supu yote. Kijiko baada ya kijiko, akinitazama, machozi yakimtoka kwa chumvi au kwa mengine, midomo ikamwiva. Alipomaliza akasukuma bakuli.

"Niongeze," akasema.

Nikamwongeza.

Jumatatu, 3 Agosti

Nilidhani hatakuja. Alikuja, kwa miguu. Mia sita zimekwisha, nyumba inataka hela, na kwa hesabu ya miaka kazi ni yake.

Aliingia jikoni kabla ya wateja, akachukua kitunguu, akakipasua katikati, akanishikia nusu chini ya pua. Alisubiri.

"Bado?"

"Bado."

Akakiweka kwenye ubao, akaenda kupanga vijiko. Siku nzima hakunisemesha neno lingine. Oda ananisukumia zimeandikwa.

Jumanne, 4 Agosti

Kitunguu. "Bado?" "Bado."

Ijumaa, 7 Agosti

Kitunguu. Manny kauliza ni mchezo gani huu. Loretta akaendelea kupanga vijiko.

Jumapili, 9 Agosti

Yale mafao yangu ya wiki mbili tulizofungiwa yameingia, pamoja na ile mia sita mara mbili. Nilidhani nitarudi kitandani nikalale kama Loretta alivyokuwa analala. Nimekaa kwenye ngazi hadi jua likanifikia. Ni hela nzuri. Sitazirudisha, na hakuna wa kumrudishia.

Crystal alipita barabarani na mumewe. Mafao yake bado yamekwama. Kanipungia mkono.

Jumatano, 12 Agosti

Kitunguu. Nyanya zake zimeiva, hazichumi, zinaangukia barazani kwenye rangi ya njano.

Ijumaa, 14 Agosti

Samaki. Kitunguu. Bado.

Sitaki kuandika kwamba nausubiri huo wakati wa asubuhi. Naandika. Kwa siku nzima ndilo neno pekee analonipa mtu aliyenijua tangu nina meno ya utotoni. Nimeanza kufika mapema, nakiweka kitunguu kwenye ubao, karibu na kisu.

Jumamosi, 22 Agosti

Niliamka leo chumba kizima kinanuka mafuta ya samaki. Shuka, nywele, mikono yangu. Nililala kimya nikinusa, na kilichonijia ni lile dirisha lililofunguliwa upana wa kiganja, na yule mama anacheka. Nililia kidogo. Halafu nikaoga, na sabuni nayo ikanuka sabuni, na barabarani nyasi zikanuka nyasi.

Loretta alikuwa amefika. Alikipasua kitunguu. Kabla hata hajakisogeza ukali wake ulikuwa umeshanifikia, macho yakaanza kuwasha. Nikayafumbua kwa nguvu, nikayazuia.

Akakileta chini ya pua yangu, akakishikilia. Mkono wake umeshapasuka tena kwa sabuni.

"Bado?"

Nikamwambia bado.